Mbwa anakaa vizuri tu, ila nikisema "lala" ananitazama kama redio

Fundi Madirisha

Wakuu habari za jioni. Naingia moja kwa moja.

Nina mbwa, jina Jeki, miezi 14. Mama yake koko wa hapa hapa mtaani Kibaha, baba yake jemani shepadi wa jirani aliyeruka ukuta. Karakana yangu ya alumini iko nyumbani, kwa hiyo wateja wanaingia getini kutwa nzima, na Jeki kila mteja anampokea kwa kumpandia kifuani. Si mkali, ni furaha tu. Lakini mwezi uliopita alimwachia nyayo za matope mama mmoja aliyevaa gauni jeupe akielekea kwenye kipaimara. Madirisha manne yakaenda kwa fundi mwingine.

Nikaamua nimfundishe kulala chini mgeni akiingia. Kukaa anajua, nikisema "sit" anakaa hata akiwa upande wa pili wa uwanja. Hii ya kulala ndiyo imenishinda. Nimesema "lala" mpaka koo limekauka. Nikimkandamiza mabega anakakamaa kama mbuzi anayevutwa kuvuka mto. Nikimvuta miguu ya mbele anadhani tunacheza, ananilamba sikio. Hii wiki ya pili.

Mwenye uzoefu anisaidie. Wale wa "mfunge mnyororo yaishe" nimeshawasikia, nashukuru.

Kibatari

Mkuu saa ngapi unamwambia alale? Kama ni saa nne asubuhi hata mimi nisingelala. Nimeweka kigoda hapa mbele nasubiri wataalamu.

Mzee Kirungu

Fundi, nimeshika mbwa wa ulinzi kwenye maghala kabla wengi wenu hamjazaliwa. Njia ni moja. Kamba shingoni, unaikanyaga kwa buti karibu kabisa na shingo, unasimama. Atahangaika, atakosa pa kwenda, atalala. Siku tatu kazi imekwisha. Siku hizi mbwa anabembelezwa kuliko mtoto.

Mama Usa

Mzee Kirungu shikamoo. Nitakurudia.

Fundi, kabla hujamgusa tena huyo mbwa, acha kusema "lala". Hilo neno lifungie kabatini wiki nzima. Mbwa hajui Kiswahili. Ukilisema mara hamsini yeye akiwa amesimama, umemfundisha kwamba "lala" ni sauti unayoitoa wakati amesimama. Neno ndilo linalokuja mwisho. Sisi tunaanza nalo kwa sababu sisi ndio wenye maneno.

Tafuta kitu anachokipenda kweli, si ugali wake wa kila siku. Maini ya kuchemsha ukiyakata vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, robo kilo inakutosha siku kadhaa. Hata dagaa wakavu wanafaa, mmoja unamvunja mara mbili. Fanya kabla hajala, dakika tatu au nne, kisha mwache aende zake. Wanaofundisha nusu saa wanafundisha mbwa kuchoka.

Mwambie akae. Shika kipande kwa ncha za vidole, kisogeze mpaka kiguse pua. Sasa kishushe taratibu, wima, kama mtu anayeshusha ndoo kisimani, kuelekea katikati ya miguu yake ya mbele. Kichwa kitafuata. Ukifika sakafuni usiwe na haraka, kifunike kwa kiganja hapo hapo. Atanusa, atakulamba, atakuparura kidogo. Wewe nyamaza. Itafika sehemu kiwiko kimoja kitakunjika, halafu cha pili. Viwiko vyote viwili vikigusa chini tu, sema "safi!" na umwachie kipande.

Angalia sana hiyo "safi". Ikichelewa sekunde mbili ameshasimama, na wewe umemlipa kwa kusimama. Na chakula usimpe mdomoni ukiwa umeinua mkono. Kiweke sakafuni katikati ya miguu. Ukikipitisha juu, atanyanyuka kukifuata.

Sasa mzee wangu Kirungu. Panda daladala, msukume mtu begani, uone kama atalegea au atajikaza. Mbwa naye ni hivyo hivyo, ukimkandamiza anakusukuma wewe. Huyo wa kukanyagiwa kamba analala, ndiyo, lakini analala kwa kuwa amekabwa. Halafu unataka alale hivyo hivyo wageni wakipita juu ya kichwa chake? Mbwa aliyelala chini hawezi kukimbia. Kulala mbele ya mtu asiyemjua ni imani, na imani huipati kwa buti.

Fundi Madirisha

Dada asante sana. Nimejaribu asubuhi kabla ya kufungua kazi. Kichwa kinashuka vizuri, ila matako yananyanyuka. Yaani pua iko chini, nyuma kuko juu, kama trekta lililokwama. Mara kumi, mara zote kumi hivyo hivyo.

Mama Usa

Unavuta mkono kuja kwako. Ukivuta mbele lazima anyanyuke kufuata. Shusha wima, na ukishafika chini kisukume kidogo kuelekea kifuani kwake, si kwako. Ikishindikana, kaa chini, kunja goti moja liwe kama daraja, mpitishie kipande chini ya mguu wako. Ili apite inabidi atambae, na akitambaa tumbo limeshagusa. Stuli fupi nayo inafaa kama magoti yako ni ya kizamani.

Halafu usisubiri afanye yote ndipo umlipe. Kichwa kikishuka bila matako kunyanyuka, lipa. Kiwiko kimoja kikikunjika, lipa. Unamjengea ngazi.

Mbwa Kali Kitengela

Wadau wa Bongo, hamjambo. Niulize kitu: huyo mbwa analazwa juu ya nini? Mimi wangu alikataa mwezi mzima, nikamwita kichwa ngumu, kumbe ni sakafu. Huku Julai simiti asubuhi ni barafu, na yeye tumbo halina manyoya. Nikatandika gunia, siku hiyo hiyo akalala. Jua likiwaka nayo simiti inachoma. Weka kiganja chako chini uhesabu mpaka kumi, ukishindwa wewe usimlazimishe yeye.

Fundi Madirisha

Kitengela, Mungu akubariki. Nilikuwa namfundishia karakanani, sakafu ina vumbi la alumini na vipande vya skrubu! Nani alale hapo. Nimehamia uani kwenye mkeka uliochakaa. Jaribio la saba viwiko vyote viwili vimegusa. Nimesema "safi" kwa sauti iliyomtoa mke wangu jikoni.

Bint Pangani

Kaka Fundi hongera. Mimi nafuatilia kwa sababu zangu. Huku kwetu mbwa ni wa shamba, anatulindia mihogo na nguruwe pori. Kumfuga hivyo hakuna ubaya, ila mate yake ni najisi kwetu, na mimi siko tayari kuosha mkono mara saba, moja kwa udongo, kila nikimaliza somo. Haya mambo ya kumfunika kipande kwa kiganja akulambelambe mimi sitayaweza. Kuna njia nyingine?

Mama Usa

Ipo, tena wewe utamaliza mapema kuliko sisi. Chukua mwiko mrefu wa kale, utenge uwe wa kazi hiyo tu. Pakaza siagi ya karanga kidogo kwenye ncha (soma kopo kwanza, ikiwa imetiwa zailitoli, ile sukari mbadala inayoandikwa "xylitol", usimpe, ni sumu kwa mbwa). Huo mwiko ndio mkono wako. Unaushusha vile vile, wima, mpaka katikati ya miguu. Akilala, unamdondoshea dagaa chini mbele yake. Nimesema malipo yawekwe sakafuni, kwa hiyo hukosi kitu. Wengi wenye mikono iliyolambwa wanachukua wiki kujifunza hilo la kuweka chini.

Njia ya pili haihitaji hata mwiko. Mbwa hulala mwenyewe mara nyingi kwa siku. Kaa na dagaa mfukoni, endelea na kazi zako. Ukimwona anajilaza kivulini, sema "safi" na mtupie mmoja. Atashangaa. Atasimama, atakutazama, atazunguka, mwisho atajilaza tena kujaribu bahati. Ni ya polepole ila ina raha yake.

Panya Buku

Hiyo ya kupiga sauti halafu kulipa, sisi wa Morogoro tunaijua kwa panya. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine kuna shirika la APOPO, wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu. Hakuna kofi wala kamba ya kukanyaga. Kile kidude kinalia "tik", panya anapata ndizi. Panya mmoja, Magawa, alifundishwa hapo, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, akagundua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la wanyama la Uingereza. Panya! Panya wa kwanza kupewa hiyo medali. Kwa hiyo Mzee Kirungu akisema mnyama haelewi bila kirungu, mwambieni apite Morogoro.

Hicho kidude si lazima ununue. Kalamu ya kubofya inatosha, au kile kifuniko cha chupa ya jemu kinacholia ukikibonyeza katikati. Uzuri wa "tik" ni kwamba hailii kwa hasira leo na kwa uchovu kesho.

Mzee Kirungu

Nimesoma. Panya si mbwa, tuanzie hapo.

Ila kuna jambo nitalisema kwa kuwa huyo Jeki ana damu ya shepadi. Nilikuwa na shepadi mmoja, dume zuri, alikuwa hataki kulala. Nilimfanyia ile ya buti siku nyingi kuliko tatu. Baadaye daktari wa mifugo akampiga picha, nyonga zote mbili zilikuwa mbovu. Kulala kulikuwa kunamuuma, na kuinuka zaidi. Hiyo aina ina matatizo ya nyonga ya kurithi. Kwa hiyo Fundi mtazame anapojilaza mwenyewe nyumbani. Akizungukazunguka, akishuka kwa mafungu, akiguna, au akiinuka kwa miguu ya mbele halafu anajivuta, usimfundishe kitu. Mpeleke kwa daktari kwanza.

Sisemi zaidi ya hapo.

Mama Usa

Mzee wangu, ahsante. Hilo nilipaswa kulisema mwanzoni mimi.

Fundi Madirisha

Mzee shikamoo, na pole kwa huyo mbwa. Jeki nimemchunguza jana na leo, anajibwaga kama gunia la mkaa na anaruka kama chura. Tuko salama.

Siku ya sita: mkono mtupu tayari. Nafanya ishara ile ile ya kushusha ndoo bila chochote vidoleni, analala, kipande kinatoka mkono wa nyuma. Nikaona nimefika. Nikamwita jirani aje ashuhudie. Nikasimama wima kama afande, mikono nyuma, nikasema "Jeki, lala!"

Akanitazama kama redio. Jirani akacheka mpaka akaegemea geti.

Mama Usa

Hahaha. Fundi fanya hivi leo jioni. Msogelee, piga ile ishara yako na kuinama kwako kote, lakini badala ya "lala" sema "ugali". Rudi utuambie.

Fundi Madirisha

Amelala.

Nimesema "ugali", amelala. Nikasema "bati la geji 28", amelala. Mwisho nikainama kuokota tepu iliyoanguka, sijasema kitu, akalala!

Sikuwahi kumfundisha neno lolote. Alikuwa anausoma mgongo wangu.

Kibatari

Sasa subiri ufunge kamba za viatu mbele ya wateja.

Mama Usa

Wote wanasoma mgongo, Fundi. Mbwa anaona mwili kabla ya kusikia neno. Ukisema na kuinama kwa pamoja, anachukua kuinama na neno analiacha lipite. Kwa hiyo litenganishe. Simama, tulia kabisa, hata kidole kisicheze. Sema neno mara moja. Hesabu moja kimoyomoyo. Ndipo upige ishara. Akilala, lipa. Neno, kimya, ishara. Neno, kimya, ishara. Baada ya siku mbili tatu utamwona kwenye kile kimya anaanza kushuka kabla mkono haujatoka mfukoni. Hapo umlipe vipande vitano mfululizo, maana hapo ndipo ameelewa.

Na ishara nayo ipunguze. Leo shusha mkono mpaka sakafuni, kesho mpaka magotini, keshokutwa kiunoni, mpaka ubaki na kidole.

Mbwa Kali Kitengela

Na usirudierudie neno. Ukisema "lala lala lala LALA", atajua amri ni ile ya nne.

Fundi Madirisha

Narudi na kioja.

Neno ameshika, siku nne tu. Nasema wima, analala. Lakini jana usiku dada wa kazi alikuwa ndani anambembeleza mtoto, "lala mwanangu lala, lala mama akupikie", dirisha liko wazi, mimi niko barazani nakula. Jeki alikuwa amesimama karibu na ngazi. Kila "lala" anashuka. Hapati kitu, anainuka. "Lala" nyingine, anashuka tena, shingo imegeukia dirishani. Mara ya sita au ya saba akapiga mwayo mkubwa, akaenda zake nyuma ya nyumba. Leo asubuhi nikisema mimi, anafikiria kwanza.

Bint Pangani

Maskini Jeki, amefanya kazi bila mshahara.

Panya Buku

Hapo ndipo Kiswahili kinatuponza. Ukiangalia kwa upande mwingine tuna nafuu, maana wazungu "down" hiyo moja wanaitumia kumlaza mbwa na kumshusha kwenye kochi, na mbwa anachanganyikiwa. Sisi tuna "lala" na "shuka", mbali kabisa. Lakini "lala" ni neno la nyumbani, linasemwa kutwa. "Kaa" ndiyo balaa zaidi, kila mgeni anaambiwa kaa. Nadhani ndiyo maana watu wengi huku wanawaambia mbwa "sit" hata kama Kiingereza chenyewe hawakiongei.

Fundi Madirisha

Kwa hiyo nibadilishe neno baada ya kazi yote hii?

Mama Usa

Badilisha, ni jioni mbili. Neno jipya kwanza, kimya kidogo, halafu lile la zamani. Akishaanza kulala kabla hujafikia la zamani, la zamani umeliacha. Chagua neno fupi lisilosemwa ndani ya nyumba. Wangu mmoja analala kwa "pilau", binti yangu ndiye aliyechagua, na kwa bahati mbaya hatupiki pilau mara nyingi.

Mzee Kirungu

"Tua". Kama mzigo. Sisi tulikuwa tunasema tua.

Kibatari

Tua na chukua si zitagongana masikioni?

Mzee Kirungu

Wewe una mbwa?

Kibatari

Sina mzee.

Fundi Madirisha

Nimechukua "tua". Inatoka vizuri mdomoni na mke wangu ameikubali. Jioni tatu, si mbili, dada Usa. Dada wa kazi sasa anabembeleza mtoto apendavyo, Jeki hatikisiki.

Kilichobaki ni geti, ambako ndiko kulikonileta hapa. Uani analala kama malaika, getini ukigonga tu hanijui.

Mama Usa

Getini hajafundishwa. Kwa mbwa, "tua" ya uani na "tua" ya getini ni masomo mawili. Hamisha mkeka uende naye, mkeka wenyewe utamkumbusha. Anza geti likiwa limefungwa, hakuna mtu. Rudi kwenye ishara kubwa na vipande vingi kama vile mnaanza upya, usione aibu. Kisha wewe mwenyewe ugonge geti kwa ndani. Kisha mke wako agonge kwa nje asiingie. Kisha aingie taratibu. Mteja ndiye wa mwisho kabisa. Wakati huo wote mfunge kamba ndefu, si ya kumvuta, ni ya kuzuia asipate ile raha ya kumpandia mtu, maana kila akifanikiwa amejilipa mwenyewe, na malipo yake ni matamu kuliko maini yako.

Na mpe neno la kumruhusu kuinuka. Mimi natumia "haya!". Kwanza alale sekunde moja tu, "haya!". Kisha tatu. Kisha tano. Unamdondoshea kimoja kimoja kabla hajafikiria kuinuka. Usipokuwa na neno la kumaliza, yeye ndiye anaamua somo limekwisha lini, na ataamua vibaya.

Bint Pangani

Wangu leo ametua kwa mwiko mara nane. Mkono mkavu. Tatizo jipya: kila nikishika mwiko kusonga ugali, analala mlangoni mwa jiko.

Mama Usa

Nilikwambia utenge mwiko wa kale, bint yangu.

Fundi Madirisha

Mrejesho, wiki ya tano.

Leo saa tatu asubuhi kaja mzee mmoja kupimisha milango. Ameona kibao changu cha MBWA MKALI, akasimama nje akagonga kwa funguo. Nikamwambia Jeki "tua", mkeka ulikuwa pale pale. Akashuka. Nikafungua geti. Mkia unafagia vumbi huku na huku, masikio yamesimama, mwili mzima unatetemeka kwa hamu, lakini viwiko viko chini. Mzee akapita. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, nadondosha maini kila hatua kama mtu anayepanda mahindi. Alipofika usawa wa Jeki akasimama, akamtazama, akaniuliza, "Huyu ndiye mkali?"

Kabla sijajibu, mzee kalamu ikamdondoka, akainama kuiokota. Jeki naye akaweka na kidevu chini.

Milango miwili, malipo ya awali nimepokea. Lile somo la kuinama bado halijamtoka, dada. Lenyewe naliondoaje?

Mama Usa

Usiliondoe. Ngoja nikueleze kesho, hapa umeme unataka kukatika.